Msimamizi Alikimbia

Jumanne, tarehe 7 Mei

Kaka,

Salamu nitazimalizia mwishoni nikibakiwa na karatasi. Nimesimamishwa kazi. Nimesimamishwa kwa neno moja tu, na maneno ni kazi yako, kwa hiyo nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa hivi. Alhamisi iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, bomba la mvuke lilipasuka kwenye chumba cha pasi. Unakikumbuka, kile cha nyuma ulichokitembelea ukatoka miwani imejaa ukungu. Mzee wa Pasi alikuwa meza ya mwisho, ananyoosha suruali za wauguzi. Akaanguka, mvuke ukamchoma miguu yote miwili na mkono wa kushoto. Koki ya kuufunga mvuke iko nje, nyuma ya jengo, hatua arobaini kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Mwenye kazi ya kuifunga ni fundi wa boila, lakini fundi hakuwepo mahali pake. Nikatoka mbio, nikaifunga mimi. Mpaka leo kiganja cha kulia kina malengelenge.

Sasa fundi anasema aliifunga yeye. Na Mzee wa Pasi, walipomfuata hospitali kuchukua maelezo, dawa zilikuwa zimemlevya, akasema maneno machache tu: "Mvuke ulitoka, nikaanguka. Msimamizi alikimbia." Msimamizi ni mimi. Jana kamati ya nidhamu ikakaa. Nikaonyesha kiganja, mwenyekiti akasema kila mtu wa chumba cha pasi ana alama ya moto. Halafu akafungua kamusi, kaka, kamusi kabisa, akasoma kwa sauti kwamba kukimbia ni kutoroka. Akafunga kitabu. Wenzangu wote wakaangalia viatu vyao.

Wanakaa tena Jumatatu tarehe 27, siku ya kuamua. Wakiandika kwamba nilimtoroka mtu anayeungua, sitafukuzwa hapa tu, hakuna kiwanda cha kushona kitakachonipa hata sindano. Wewe una miaka kumi na minane kwenye ofisi ya kamusi. Andika karatasi moja yenye mhuri, useme kukimbia ni kwenda mbio. Mtoto wa chekechea anajua hilo. Mistari miwili inatosha.

Mama hajui kitu, anadhani niko likizo. Usimwambie.

Mdogo wako,
Cherehani


Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kiganja usikipake dawa ya meno, najua tabia yako.

Kuhusu neno lenyewe, naomba uvumilivu kidogo, maana si jepesi kama unavyolidhani. Mtu akikimbia uwanjani, anakwenda mbio. Mtu akikimbia vita, anaondoka kwa hofu. Tukisema alimkimbia mgonjwa, alimwacha. Tukisema alimkimbilia, alikwenda kumsaidia, au alikwenda kujificha kwake, inategemea nani mwenye shida. Tukisema mgonjwa alikimbizwa hospitali, mgonjwa mwenyewe hakupiga hata hatua moja. Saa yangu inakimbia dakika tano kila siku na haijawahi kutoka mkononi. Na usingizi, tangu barua yako ifike, umenikimbia. Unaona mwenyewe. Mzee wa Pasi alisema "alikimbia" akanyamaza, hakusema alikimbia nini wala alikimbilia wapi. Hapo ndipo penye tatizo.

Naomba unijibu jambo moja. Kamusi aliyosoma mwenyekiti ilikuwa kubwa au ndogo? Jalada lake rangi gani?

Wakati huohuo jaribu kutafuta shahidi mwingine. Karatasi yenye mhuri wa ofisi si kitu cha kuandikwa juu juu. Haraka haraka haina baraka.

Kaka yako


Jumanne, tarehe 14 Mei

Kobe wewe,

Nimekuomba ndoo ya maji, umenipa historia ya kisima.

Sasa nimekumbuka kwa nini tulikuita Kobe. Ulikuwa ukitumwa chumvi, unafika watu wameshakula, wameshaosha vyombo, na wewe umesimama mlangoni unaeleza kwamba dukani kulikuwa na chumvi za aina mbili. Mimi nina siku kumi na tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma kwelikweli.

Shahidi mwingine hayupo. Watu wa mashine walikuwa upande wa pili wa ukuta, waliingia mvuke umeshakatika. Aliyekuwa chumbani ni Mzee wa Pasi peke yake, na mimi nimekatazwa kumwona au kumwandikia mpaka kamati imalize, nisije nikamfundisha la kusema. Tangu arudishwe nyumbani nimepita dirishani kwao mara mbili kama mwizi. Mara zote pazia lilikuwa limefungwa.

Rangi ya jalada? Mtu anazama, wewe unauliza mto una rangi gani! Sijui. Nilikuwa naangalia mdomo wa mwenyekiti.

Mama amenipa mapazia ya zamani niyapunguze kwa kuwa "likizo ndefu hivi haina kazi." Nakata, nashona, nafumua. Jana nilipita kiwandani kurudisha funguo za stoo, akina dada wa kitengo cha vifungo wakanichungulia. Mmoja akapiga kelele, "Kimbia, msimamizi, kimbia!" Wakacheka. Yule dada nilimfundisha mimi kutoboa tundu la kifungo. Nilitembea pole pole mpaka getini, kwa makusudi, na kila hatua iliniuma.

Mistari miwili, kaka. Kobe naye hufika.

Cherehani


Jumamosi, tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Umenitania na nimestahili.

Wiki hii ofisini mambo ni mazito kidogo. Mhariri mkuu anastaafu mwisho wa mwezi na kiti chake bado hakijapata mtu. Barua yoyote yenye mhuri lazima aipitie yeye, na kwa sasa anapitia kila kitu kwa darubini. Nimeanza rasimu. Sijaridhika nayo.

Nimewaza kwamba pengine ni bora katibu wa kamati arudi kwa Mzee wa Pasi amwulize upya alimaanisha nini. Hiyo ndiyo njia safi, maana neno huulizwa kwa aliyelisema, haliulizwi kitabuni.

Na kama utalazimika kusema mbele ya kamati kwamba una ndugu kwenye kazi ya kamusi, ningependelea usitaje jina langu.

Hukunijibu kuhusu jalada.

Kaka yako


Jumanne, tarehe 21 Mei

Kaka,

Ni la kijani.

Jana niliitwa kusaini fomu ya kikao. Katibu wa kamati ni mtu mwema, alitoka kutafuta wino wa mhuri akaniacha na kitabu mezani. Toleo dogo la shule, jalada la kijani, kona zimeliwa. Nikafungua. Kimbelembele kimepewa mistari mitano, na mfano wa sentensi juu. Kimbilio mistari mitatu. Katikati yake, kukimbia, jambo ambalo hata kuku analifanya bila kufundishwa, mstari mmoja: "kimbia: ondoka mahali kwa hofu, toroka." Basi. Hakuna mbio. Hakuna miguu. Kwa kitabu hiki, wanaoshindana uwanjani wote ni watoro.

Nikajiuliza ni mpumbavu gani aliandika hivi. Nikafungua ukurasa wa mbele, pale walipoorodhesha nani alishughulikia herufi gani. Herufi K: jina lako, na jina la baba yetu nyuma yake.

Nilicheka mpaka katibu akaniletea maji. Alidhani nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo ulijua. Tangu barua ya kwanza ulijua, ndiyo maana rangi ya jalada ilikukosesha usingizi. Mimi natajwa mtoro mbele ya watu niliowafundisha kazi, na wewe unanipa somo la saa inayokimbia! "Usitaje jina langu." Jina lako halihitaji kutajwa na mimi, kaka, limechapishwa.

Nimechoka na nina hasira, na sitaki rasimu. Siku zimebaki sita. Ukitaka kuandika, andika. Usipotaka, niandikie hivyo hivyo, nijue sina kaka kwenye kamusi, nina kaka kwa mama tu.

Msimamizi aliyekimbia


Alhamisi, tarehe 23 Mei

Mdogo wangu,

Mara hii sina la kuzunguka.

Miaka sita iliyopita ukurasa ule ulizidi mistari miwili. Mpiga chapa alisimama mlangoni pangu, akasema ama nikate mistari miwili au wavunje na kupanga upya kurasa zote hadi mwisho wa herufi. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Ningeweza kukata kwenye kimbelembele, lakini mfano ule niliupenda, niliutunga mwenyewe. Nikatazama "enda kwa miguu kwa kasi, enda mbio" nikajisemea, nani asiyejua kukimbia ni nini? Mtoto wa chekechea anajua. Maneno yako hasa. Nikaikata, nikabakiza maana ya pili, ile ambayo mtu angeweza kuisahau.

Miaka sita hakuna mwalimu aliyeuliza, wala mwanafunzi. Mimi mwenyewe niliona kosa mwaka uliofuata, nikasema toleo jipya likija nitalirekebisha kimya kimya. Toleo jipya halijaja. Barua yako ndiyo imekuja.

Na kiti cha mhariri mkuu walikuwa wanipe mimi, tarehe 31. Ndiyo hicho nilichokuwa nakichunga wakati wewe unapita dirishani kwa watu kama mwizi. Niliogopa. Naandika neno hili na naona jinsi lilivyo fupi.

Leo asubuhi nimeingia kwa mhariri mkuu na ile kamusi ya kijani, nikamwonyesha. Aliusoma ule mstari, akaisoma na barua yangu. Kisha akagonga mhuri, akasema, "Hii ni kazi yako ya mwisho kwenye herufi K." Barua imetumwa kwa rejista, itafika kwa katibu Jumamosi. Nakala yako hii hapa.

Kaka yako, Kobe


(Nakala)

Alhamisi, tarehe 23 Mei

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Nidhamu

Ndugu Mwenyekiti,

Yahusu maana ya neno "kimbia" katika toleo dogo la kamusi yetu

Neno hili lina maana mbili kuu. Ya kwanza ni kwenda mbio, kwa sababu yoyote ile, nzuri au mbaya. Ya pili ni kuondoka kwa hofu. Katika toleo mlilonalo maana ya kwanza haipo. Haikuachwa kwa sababu za kitaalamu. Niliikata mimi, mhariri wa herufi hiyo, ili ukurasa uenee.

Kwa hiyo mtu akisema "alikimbia" bila kuongeza neno, kamusi haiwezi kuwaambia alikwenda wapi wala kwa nini. Hilo mtalipata kwa njia nyingine.

Anayeshutumiwa ni dada yangu. Nawaeleza ili mpime maneno yangu mkijua.

Mhariri, herufi K


Jumanne, tarehe 28 Mei

Kaka,

Nimerudi kazini. Leo hii, saa moja na nusu, nimefungua stoo kwa funguo zangu.

Mwenyekiti aliisoma barua yako kwa sauti mpaka mwisho, hata pale pa dada. Alipofika "ili ukurasa uenee" alivua miwani. Kisha akakisukuma kile kitabu cha kijani pembeni, akasema, "Haya. Nyoosheni mikono." Mimi na fundi wa boila tukaweka viganja mezani. Gurudumu la koki siku ile lilikuwa moto wa kuchoma ngozi. Changu kina mstari wa kovu, umepinda kama gurudumu lenyewe. Chake laini, kama cha bwana harusi. Akasema alitumia kitambaa. Wakamwuliza kitambaa gani, kiko wapi. Akaanza kukohoa. Mwishowe akakubali alikuwa kantini.

Walipoacha kutazama kamusi ndipo wakatazama mikono. Wiki tatu nzima mikono nilikuwa nayo!

Akina dada wa vifungo wameniletea chai. Nimeinywa, lakini sijawachekea bado.

Asante, kaka. Naandika asante na bado nina hasira, zote mbili zimo kwenye karatasi hii moja. Usinijibu kwa maelezo.

Cherehani


Alhamisi, tarehe 30 Mei

Kwa Msimamizi,

Binti yangu ndiye anayeandika, mkono wangu bado umefungwa. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie.

Nimesikia umerudi kazini, nimefurahi. Nimesikia pia kwamba watu wamegombania neno langu mpaka kwa wenye kamusi. Sasa kikao kimekwisha, naomba tuseme ukweli sisi wawili.

Niliposema ulikimbia, sikusema kwa ubaya, wala sikusema kwa uzuri. Nilikuwa chini, mama. Nilichokiona ni visigino vyako vinapita mlangoni. Hukugeuka. Nikasema moyoni, ameniacha. Halafu mvuke ukakatika, nikasema, hapana, amekwenda kwenye koki. Halafu nikapoteza fahamu. Walipokuja kuniuliza, nikawapa neno nililokuwa nalo, maana lilibeba yote mawili.

Usiku na mchana nimelala hapa najiuliza. Sikudai kitu. Nataka tu kujua ulikuwa unakimbia kukimbia gani.

Mzee wa Pasi


Jumapili, tarehe 2 Juni

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye meza yako. Hakuna aliyeisogeza.

Kamati sikuiambia hili, wala kaka yangu. Hawakuuliza, na mimi nilikuwa nimeshikilia maana moja kwa mikono miwili.

Bomba lilipopasuka sikukumbuka koki. Sikukumbuka lolote. Nilisikia ule mlio, nikaona mlango, miguu ikaondoka yenyewe. Nilikuona ukianguka, Mzee wangu. Nilikuona, na sikusimama. Nilipiga hatua tatu nikiwa natoroka, kama kamusi ya kijani inavyosema. Ya tatu ilinifikisha kizingitini, hewa ya nje ikanipiga usoni, ndipo nikakumbuka koki. Zile thelathini na saba zilizobaki nilikuwa nakukimbilia wewe, ingawa nilikuwa nazidi kwenda mbali nawe.

Nimegombana na watu mwezi mzima kwa ajili ya neno, na walikuwa na haki kwa hatua tatu. Nisamehe. Kama utataka niiambie kamati, nitaiambia kesho.

Msimamizi wako


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kaka,

Kadi yako imefika, na habari kwamba kiti wamempa mwingine na wewe wamekurudisha kusahihisha herufi A. Pole. Nasema pole ya kweli. Mama nimeshamwambia yote, akauliza swali moja tu: "Na mfano wa kimbelembele ulikuwa mzuri kiasi gani?" Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Nakala ya barua niliyomwandikia Mzee wa Pasi nimeiweka humu. Isome kwanza, ndipo uendelee hapa.

Umeisoma? Basi hicho ndicho nilichokuwa nakuficha wakati nakutukana kwa kunificha.

Jana, baada ya kazi, nilikwenda kwao. Pazia lilikuwa wazi. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, anaapa kwamba mwezi ujao atanyoosha suruali. Barua yangu ilikuwa chini ya glasi ya maji. Nikasimama mlangoni, nikashindwa kuingia. Akaniangalia weee, akasema, "Hatua tatu?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

Akasema, "Mimi ningekuwa na miguu siku ile, ungenikuta kwetu nilikozaliwa." Akacheka mpaka akashika ubavu, binti yake akamkemea. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Kamati usiiambie kitu. Waambie wale wenzako wa kamusi waandike hivi: hatua tatu za kwanza hazihesabiwi, ni za miguu. Mtu anahesabiwa kuanzia ya nne."

Nililia pale pale, mbele ya binti yake, na begi langu la kazi begani.

Nimekuandikia ili uyaweke kwenye kadi zako za kamusi, kama yana nafasi na ukurasa hautazidi. Na nimekuandikia pia kwa sababu nimewaza juu yako njia nzima ya kurudi nyumbani. Wewe nawe uliogopa, ukakimbia, halafu ukakumbuka koki. Mzee wa Pasi angekusamehe papo hapo.

Lakini hatua zako tatu, kaka, zilikuwa siku kumi na sita. Mimi nilizihesabu moja moja, na bado sijamaliza.

Njoo Jumapili. Mapazia ya mama yametoka mafupi, anahitaji mtu mrefu wa kuyashusha. Ukifika umechelewa, tutakuwa tumeshakula.

Mdogo wako,
Cherehani